Moshi Unarudi Ndani: Fundi Majiko Anajibu

Masika yameingia, kuni zimelowa, waliokuwa wakipikia uani wamehamia ndani. Kwa hiyo maswali ya wiki hii karibu yote ni ya moshi.

Fundi, nina jiko la kuni lenye bomba, napika supu na chapati. Kila alfajiri nikiwasha, moshi wote unanijia usoni. Baada ya robo saa linatulia lenyewe. Nimeuziwa jiko bovu? (Mama lishe, Buguruni)

Hapana mama, jiko lako zima. Bomba limekesha bila moto, hewa iliyomo ndani imepoa, imekuwa nzito na kukaa kama kizibo. Moshi hupanda kwa joto lake tu. Ukikuta njia imezibwa unatafuta mlango, na mlangoni umekaa wewe. Kabla ya kupanga kuni, washa gazeti au makumbi makavu ya nazi, uyasogeze pale bomba linapoanzia, si chini kwenye wavu. Tega sikio. Bomba likianza kuvuma kidogo, kizibo kimetoka. Washa vijiti vyako, gogo lije baadaye. Mlango wa majivu uache wazi mpaka moto ushike. Wengi wanaufunga wakidhani moshi unatokea huko.

Shikamoo fundi. Jiko letu lilikuwa halina shida mpaka jirani alipopandisha ghorofa. Sasa kusi ikivuma, moshi unashuka bombani kama umetumwa. (Kijana wa Kimara)

Marahaba. Upepo unaruka ghorofa, kisha unaanguka juu ya paa lenu na kuusukuma moshi chini. Bomba lipite kilele cha paa lenu kwa futi 2 au zaidi, na livikwe kofia inayokinga upepo wa pembeni. Likiwa refu hivyo, lifungwe waya pande tatu lisije likalala. Halafu hesabu kona. Juzi nimeona bomba lenye kona tatu za nyuzi 90, eti limekwepa boriti! Moshi gani utapita hapo? Kona ikilazimika, iwe ya nyuzi 45.

Bomba langu linatoa matone meusi kwenye maungio, yananuka na hayatoki kwenye nguo. Ni kutu? (Mbagala)

Si kutu, dada, ni kuni mbichi. Tazama ncha ya kuni ikiwa motoni: ikitoa povu na kulia *shiii*, unachemsha maji yaliyomo kwenye mti, moto unapoa, na moshi unaganda bombani kama lami. Lami hiyo ikikauka huwaka, na bomba likiwaka karibu na paa la makuti ni balaa. Gonganisha kuni mbili kabla ya kununua: kavu hulia kama kengele ya mbao, mbichi hutoa mlio mzito uliokufa. Mwembe uliokatwa wiki iliyopita, hata muuzaji akiapa, pasua na uweke chini ya bati miezi kadhaa. Mabaki ya mbao za dawa usichome kabisa, sumu yake inatoka na moshi.

Tulifunga mgahawa miezi miwili. Kurudi, jiko halivuti kabisa.

Panda paani kwanza. Mteja wangu mmoja alikuwa na kisa kama chako. Nilikuta kunguru amejenga chini ya kofia, vijiti na waya wa kufungia nondo, vimesukwa kuliko kazi yangu. Kama hakuna kiota, ni masizi. Jiko likiwa limepoa, ziba mdomo wake kwa kitambaa kibichi, shusha kamba yenye jiwe lililoviringishwa gunia, pandisha, shusha, mpaka gunia lishuke bila kukwama.

Mvua ikinyesha usiku naingiza jiko la mkaa chumbani, halina moshi. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Watu hulala wasiamke. Litoe nje leo.

Si bora ninunue gesi tu? (Tabata)

Ukimudu, nunua. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, nami sitaandamana. Kwangu mwenyewe chai na wali ni gesi. Maharage ndiyo yanayonirudisha uani.