Umeme wa Upepo: Kwa Nini Husifiwa Kisha Ukakwama?

SWALI: Mhariri, miradi ya umeme wa upepo hushangiliwa sana inapotangazwa. Mbona utekelezaji wake husuasua? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Tazama mradi wa Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit. Mitambo yake 365, yenye uwezo wa jumla wa megawati 310, ilikuwa imeshasimikwa mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikukamilika hadi 2018, kwa kuwa fidia ya ardhi ilichelewa na kampuni ya Kihispania iliyopewa kandarasi ilifilisika. Katika kipindi hicho mkataba uliibana serikali kulipia umeme ambao haukumfikia mteja yeyote, na gharama hiyo ikamwangukia mwananchi.

Kwa maoni yangu, tatizo linaanzia hapo: mwanasiasa hupata sifa kwa mtambo unaoonekana, ilhali nguzo zinazokatiza mashamba ya watu humletea malalamiko tu. Rais Uhuru Kenyatta alizindua mradi huo rasmi Julai 2019, na umeme wake unatumika hadi leo, kwa hiyo si haki kuuita hasara tupu. Hata hivyo, wenyeji walikuwa wameshafika mahakamani, na Oktoba 2021 mahakama ya ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilitolewa kinyume cha sheria, miaka kadhaa baada ya mitambo kuanza kuzunguka juu ya malisho yao.