Mnyororo wa watunzi wa klasiki: tunavyoucheza sisi, na kuhusu wanaochungulia Google

Mkuu, umeuliza mambo mawili: mchezo wa mnyororo wa watunzi wa muziki wa klasiki unachezwaje, na una faida gani wakati kila mtu ana Google mkononi. Nimeucheza karibu kila Ijumaa usiku kwa miaka minne sasa. Nitakujibu kwa kirefu, maana hilo swali lako la pili nusura livunje kikundi chetu.

Mimi naimba sauti ya tenor kwenye kwaya ya parokia. Muziki nimeujua kwa nota za do-re-mi zilizoandikwa kwa chaki ubaoni, na Haleluya ya Händel niliiimba kabla sijajua Händel ni nani. Kikundi chetu kiko WhatsApp na tuko kumi na mmoja. Yumo mzee mmoja wa Moshi, mpiga kinanda mstaafu, ambaye wote tunamwita Mzee. Yumo dada muuguzi aliyeko Muscat, huyo hucheza akiwa zamu ya usiku wodi ikitulia. Yumo kijana wa Lubumbashi anayejifunza fidla. Wengine tuko Dar, Mombasa na Arusha.

Mchezo wenyewe utaufahamu haraka. Utotoni wengi wetu tulicheza mnyororo wa maneno: huyu anasema kata, mwenzake anadaka "ta" na kusema tabu, wa tatu bunduki, wa nne kisu, wa tano sukari. Kiswahili kinaishia na irabu, ndiyo maana tulifuata silabi. Majina ya watunzi yanaishia na chochote, kwa hiyo tunafuata herufi ya mwisho. Ukisema Bach, anayefuata anatafuta H: Haydn. Haydn anaacha N. Jina likishatajwa usiku ule halirudiwi, na una dakika mbili za kujibu. Ukishindwa unakaa pembeni mpaka raundi iishe.

Sasa hiyo N ndiyo shimo la wageni. Hesabu mwenyewe majina makubwa yanayoishia na N: Beethoven, Haydn, Chopin, Schumann, Mendelssohn, Telemann. Halafu jiulize ni wangapi unaowajua wanaoanza na N. Mwezi wangu wa kwanza nilikuwa natolewa na N kila wiki. Italia nayo inakutesa kwa I, maana Vivaldi, Verdi, Rossini, Puccini, Corelli, Paganini wote wanakuachia hiyo hiyo, na ukimaliza Ives na Ibert unaanza kutoa jasho. Warusi wanakuachia Y au V. V haina shida, Vivaldi yuko, Villa-Lobos yuko. Y ndiyo iliyonifanya nimjue Ysaÿe, Mbelgiji aliyeandika sonata sita za fidla pekee bila piano. Ya pili kati ya hizo inafungua na vipande vya Bach, vinakatwa, vinarudi, vinakatwa tena. Kijana wa Lubumbashi alitupigia mistari yake ya kwanza na kutuma rekodi. Mikono bado haijakomaa, lakini ule mkato kati ya Bach na Ysaÿe tuliusikia wote.

Kuna majina ambayo wachezaji wazoefu huyaficha mpaka mwisho, yale yanayoanza na kuishia na herufi moja. Ukipewa N ukajibu Nielsen, umemrudishia mwenzako N ile ile. Arriaga, Mhispania aliyezaliwa tarehe 27 Januari 1806, miaka hamsini kamili baada ya Mozart, anapokea A na kurudisha A. Tippett anafanya hivyo kwa T. Reger anarudisha R, na jina lake ukilisoma kutoka nyuma linabaki Reger. Wenye S wana utajiri wao: Sibelius, Strauss, Saint-Saëns.

Tahajia ilituchelewesha sana. Mwenzetu wa Mombasa aliandika "Chaikovski", Kiswahili safi kabisa, akaacha I. Mwingine akasema hapana, nota zimechapishwa Tchaikovsky, herufi ni Y. Tulibishana usiku mzima. Mwishowe tukakubaliana kufuata jinsi mtunzi mwenyewe alivyotia saini kwa herufi za Kilatini, na kama hatujui, jinsi nota zake zinavyochapwa kwa kawaida. Kwa sheria hiyo Rachmaninoff anaishia na F, kwa sababu alipokuwa Magharibi alisaini hivyo, hata kama vitabu vingine vinamwandika na V. Ni tofauti ya herufi moja tu, lakini inaamua kama utajibu Fauré au Vivaldi.

Sasa nije kwa Google.

Mwaka wetu wa pili alijiunga mtu aliyekuwa anajibu kwa kasi ya ajabu. Ukimpa O anakupa Obrecht, ukimpa Z anakupa Zemlinsky, sekunde tano hazijaisha. Tulimshangilia. Ijumaa moja alipewa N akajibu Nepomuceno. Mzee, ambaye huwa haandiki mengi, akamuuliza: "Mwanangu, huyu Nepomuceno umesikia kazi yake gani?" Kimya. Tuliona anaandika, anaacha, anaandika tena. Mwishoni alisema kwani sheria inadai kusikia? Na kwa kweli haikudai. Alikuwa na orodha mbele yake akisoma majina, hakuwa amevunja chochote. Lakini moto ulitoka kwenye mchezo. Watu wawili walijitoa wiki ile, na mimi mwenyewe niliiona Ijumaa ikija bila hamu.

Mzee ndiye aliyetutoa hapo. Alipendekeza kila jina lije na kazi moja, na kila kazi ije na kitu kimoja ulichokisikia humo kwa masikio yako. Mwaka wa kuzaliwa hatuhitaji, nchi hatuhitaji. Tuambie ulichosikia. Na akaongeza jambo ambalo ndilo jibu langu kwako: kuchungulia ruksa. Ukikwama, tafuta jina popote, chukua wiki nzima, sikiliza, urudi nalo Ijumaa ijayo. Tangu hapo raundi zimekuwa fupi na mazungumzo marefu. Usiku mwingine tunapita majina ishirini tu. Yule mwenye kasi bado yumo, na siku hizi ndiye mwenye maelezo mazuri kuliko wengi wetu.

Nikupe mfano wa hiyo N. Nielsen nilikuwa nalitaja jina tu, kama nenosiri la kunitoa shimoni. Sheria mpya iliponibana nikasikiliza Simfonia yake ya nne, ile ya 1916 inayoitwa "Isiyozimika". Nilikuwa kwenye daladala ya jioni, nimevaa hedifoni. Sehemu ya mwisho ina seti mbili za ngoma za timpani, moja upande huu wa jukwaa, nyingine upande ule, na zinapigana. Kwenye sikio la kushoto ngoma inagonga, ya kulia inajibu, okestra imebanwa katikati. Nilipitiliza kituo changu. Ijumaa ile niliandika: "Nielsen, Simfonia ya 4, ngoma mbili zinagombana na hakuna anayeziamulia." Dada wa Muscat aliisikiliza mapumzikoni, akanijibu saa nane usiku kwamba ameirudia mara tatu.

U ndiyo herufi iliyotunyamazisha. Mtu alitoa Rameau, zamu ikawa ya huyo huyo dada, akaleta Ullmann. Viktor Ullmann alipelekwa kambi ya Wanazi ya Theresienstadt mwaka 1942 kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, na humo humo kambini akaandika opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, "Der Kaiser von Atlantis". Ndani yake mfalme anatangaza vita vya watu wote dhidi ya wote, na Mauti, amechoka kutumikishwa, anagoma. Hakuna anayekufa tena. Waliifanyia mazoezi kambini lakini haikuonyeshwa pale. Oktoba 1944 Ullmann alipelekwa Auschwitz akauawa. Opera ilikuja kuonyeshwa 1975 huko Amsterdam. Dada alisema amesikia, pale mwisho Mauti anapoimbiwa aje, wimbo wa kanisani wa Luther, "Ngome imara ni Mungu wetu". Sisi tulioimba wimbo huo kila mwaka hatukuwa na la kuandika. Mzee akasema tupumzike, tutaendelea wiki ijayo.

X ni mtego wa furaha. Bax anaishia na X, Fux pia, na sisi tunamjua mmoja tu wa kuidaka, Xenakis. Kwa hiyo Xenakis akishatajwa usiku ule, wa kwanza kupata nafasi ya kusema Bax amemmaliza jirani yake. Lakini Bax lazima uwe umemsikia! Xenakis naye anataka moyo. Alikuwa mhandisi kwenye ofisi ya msanifu majengo Le Corbusier, na katika "Metastaseis" kila mpiga fidla ana mstari wake mwenyewe, wote wanateleza taratibu kutoka sauti moja hadi nyingine. Mara ya kwanza nilidhani simu imeharibika. Nilipoisikiliza tena nikasikia mteremko mmoja mkubwa uliojengwa kwa mistari midogo mingi.

Na Waafrika? Wanaingia, na wala siyo kwa huruma. Sowande wa Nigeria anakupa E, Amu wa Ghana anakupa U, Kyagambiddwa wa Uganda, mwenye oratorio (kazi ndefu ya kuimbwa ya kidini) ya Mashahidi wa Uganda, anakupa A. Sontonga tulimpitisha bila mjadala, kwa sababu kila Mtanzania amesimama wima kwa wimbo wake wa 1897, huu tunaouimba "Mungu ibariki Afrika", tangu akiwa darasa la kwanza. Mjadala ulikuwa juu ya Haazen na Missa Luba, misa ya Kilatini inayoimbwa kwa mitindo ya Kongo. Kijana wa Lubumbashi alikataa katakata. Padri Haazen, alisema, aliikusanya misa ile pale Kamina mwaka 1958, lakini sehemu kubwa waliibuni waimbaji wenyewe, kwa namna za uimbaji za kwao. Kumwita Haazen mtunzi ni kuwafuta wale watoto na walimu wao. Mzee alitetea kwamba bila wa kupanga hakuna misa. Tulipiga kura, Haazen akatoka. Misa yenyewe tuliisikiliza wote tena wiki ile, na mimi nilikuwa upande wa kijana.

Kama una watu watatu mnaweza kuanza. Bando haliishi haraka ukituma vipande vya nusu dakika, na nota za watunzi wa zamani zinapatikana bure kwenye tovuti ya IMSLP. Mteueni mmoja wa kuamua tahajia, na mheshimuni.

Au tuanze hapa hapa kwenye uzi. Natoa Hensel, Fanny, dada yake Mendelssohn. Kazi ni "Das Jahr" ya 1841, vipande vya piano, kimoja kwa kila mwezi. Nilichokisikia: kwenye Desemba vidole vinakimbia kama upepo, kisha vinatulia, na ndani ya utulivu ule unaingia wimbo wa Krismasi wa Luther, "Vom Himmel hoch". Herufi yako ni L. Liszt ataletwa na kila mtu, nitafutie mwingine.