Chunusi si uchafu, acha kuusugua uso

Msichana akiota chunusi hapa Arua, Uganda, ataambiwa moja kati ya mawili: hunawi vizuri, au unawaza wanaume. Nimeyasikia yote tangu nikiwa sekondari, na hakuna la kweli hata moja.

Chunusi huanzia ndani ya kitundu cha kinyweleo. Wakati wa kubalehe homoni huongeza mafuta ya ngozi, seli zilizokufa zinaziba kitundu, na humo bakteria aitwaye Cutibacterium acnes anazaana. Bakteria huyo yupo kwenye ngozi ya karibu kila mtu, hata wenye uso laini. Kipele kinachouma hasa ni kazi ya kinga ya mwili: inamtambua, inatoa kemikali za kuita chembe nyeupe za damu, nazo zikijazana pale ndipo panavimba, panapata joto na usaha. Watafiti wameona kinga imeshaamka hata kabla kipele hakijaonekana kwa macho. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani sana, ila uvimbe ule huchochea chembe zinazotengeneza rangi, na alama nyeusi hubaki miezi.

Sasa ukichukua dodoki, limau au dawa ya meno, unajeruhi ngozi ambayo tayari imevimba. Alama zitazidi tu.

Linaloniuma zaidi ni zile krimu za kuchanganya zinazouzwa sokoni kwenye vikopo visivyo na lebo. Mdogo wangu alipewa moja. Siku chache uso ukatulia, kila mtu akamsifia. Nyingi ya krimu hizo zina steroidi kama klobetasoli, ambayo huinyamazisha kinga kwa muda. Alipoacha, vipele vilirudi vingi kuliko mwanzo, na mashavu yakawa yanang'aa, membamba, mishipa inaonekana. Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, ambazo shirika la viwango la Uganda, UNBS, limezipiga marufuku kwenye vipodozi. Dada yangu, kama kikopo hakina maandishi, usikipake.

Kilichonisaidia mimi ni sabuni laini asubuhi na jioni, kwa vidole tu, kisha benzoyl peroksaidi, dawa ya kupaka inayoua bakteria, ya asilimia 2.5 kutoka famasi. Ya asilimia 10 haiponyi zaidi, inaunguza zaidi. Na zote hufubaza mtandio na foronya, kwa hiyo tumia vya rangi nyeupe. Usiku adapalini, dawa ya kupaka inayozuia vitundu kuziba, ya asilimia 0.1, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Mjamzito asiitumie. Subiri wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema haifanyi kazi, maana wengi hukata tamaa wiki ya tatu, ngozi inapokauka na kubanduka. Antibiotiki usijinunulie.

Vile vikubwa vya ndani, vinavyouma ukivigusa, usihangaike navyo nyumbani. Kwenye hospitali za Mulago, Kampala, na Mbarara wako madaktari wa ngozi. Omba rufaa mapema, kabla kovu halijashika.