Anza na msichana wa Vermeer, kwa kahawia na nyeupe tu

Dada, umeuliza kama ni sawa kujifunza kuchora sura kwa rangi za mafuta kwa kunakili kazi ya zamani, na kwa nini ngozi unayopaka inageuka tope. Ni sawa kabisa. Wachoraji wa Ulaya walifunzwa hivyo kwa karne nyingi.

Mchukue Msichana Mwenye Hereni ya Lulu, mchoro wa Mholanzi Johannes Vermeer, wa mnamo 1665. Mchoro wenyewe ni mdogo, sentimita 44.5 kwa 39, kwa hiyo unaweza kuunakili kwa ukubwa wake halisi. Hilo tope linatokana na kuchanganya rangi nyingi kabla hujajua mwanga uko wapi. Paka kwanza sura nzima kwa kahawia na nyeupe, iache ikauke, ndipo ulete rangi ya ngozi. Tabaka la chini lizimue kwa tapentaini. Mafuta ya kitani yaongezeke kadiri unavyopanda tabaka kwa tabaka, la sivyo rangi itapasuka baadaye.

Sasa tazama pua yake. Hakuna mstari unaoitenga na shavu lililo kwenye mwanga! Mimi niliuchora huo mstari, uso ukawa kama kinyago. Nilipoufuta kwa kitambaa, uso ukapata uhai.

Hereni iache mwisho, na usiizungushie duara. Ni mguso mzito mweupe juu, na chini mwako hafifu wa ukosi wake. Hata kishikizo cha sikioni hakuna.