Mwana wa Hawa

Swali lenu la wiki, kama wako watu wenye uwezo wa kuisaidia roho ya marehemu ipate njia yake, limenigusa penye kidonda. Anachokipata marehemu mimi sikijui. Nitawasema hao wanaoifanya kazi hiyo, na kwetu Pemba wa kwanza ni shehe anayesoma talkini, yaani maneno ya kumkumbusha maiti, akishazikwa, majibu ya kuwapa malaika.

Siku zote nimeipinga. Hadithi ya Mtume inayotegemewa, iliyopokewa na sahaba Abu Umama, wanazuoni wengi wameihesabu kuwa dhaifu, ingawa Imamu Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi, aliipendekeza talkini kwa aliyebaleghe.

Alipozikwa babu yangu, kaburi limekwisha kufukiwa na shehe ameketi upande wa kichwa, ami yangu mdogo, mfuasi wa Ansari Sunna, kundi la Waislamu wanaopinga desturi kama hizi, alisema kuwa hiyo ni bidaa, uzushi katika dini, na watu waondoke. Kaka yake akamwambia kwamba aliyezikwa si baba yake peke yake. Shehe hakumjibu yeyote. Aliuliza tu jina la mama wa marehemu, kwani katika talkini mtu huitwa kwa mama yake. Hakuna aliyelijua! Watoto wazima, wajukuu tele, na wote tukabaki kutazamana. Kijana akatumwa nyumbani awaulize wanawake, nasi tukangoja juani, wengine wakinung'unika, hata akarudi na majina mawili, kila shangazi na lake. Basi shehe akamwita mwana wa Hawa, kama ilivyoelekezwa kwa asiyejulikana mama yake, akamkumbusha: watakapokujia malaika wawili wakakuuliza Mola wako ni nani, sema Mola wangu ni Allah, kisha Mtume, dini, kibla. Ami mdogo alitupa mgongo, lakini hakuondoka.

Bado nasema kwamba maiti ameondoka na amali zake na hana haja ya kiongozi, sembuse yule mganga aliyepita mtaani kwetu baada ya meli ya Spice Islander kuzama, Septemba 10, 2011, akidai malipo ili azitoe baharini roho za ndugu zetu. Huyo hana hata cha kutetewa.

Hata hivyo, mimi nikifa nisomewe talkini, ilimradi msomaji asidai ujira, na jina la mama yangu nimeliandika kwenye bahasha ya hati za shamba la mikarafuu. Ikiwa wanangu watagombana kaburini, basi waiache, waniombee dua waende zao.