Mtoto atogwe masikio lini? Tazama kwanza kadi ya kliniki

Mama mmoja ameniandikia: binti yake ana wiki 5, na bibi anataka atogwe masikio kabla ya arobaini. Namwomba asubiri, na sababu imo kwenye kadi ya kliniki.

Tundu la sikio ni kidonda, na kidonda ni mlango wa pepopunda na homa ya ini B. Chanjo ya Penta inayokinga yote mawili hutolewa wiki ya 6, 10 na 14. Tena mtoto wa chini ya miezi 3 akipata homa ni kumkimbiza hospitali, hata kama unadhani chanzo ni ndewe iliyovimba tu. Kwa hiyo ngoja amalize Penta ya tatu. Atogwe akiwa na miezi 4 hivi.

Ukikosa nafasi hiyo, usimtoge akiwa na mwaka 1 hadi 4. Huo ndio umri mbaya kuliko wote: anavuta hereni, anatia kishikizo mdomoni na kupaliwa, na akishaonja uchungu wa sikio la kwanza hakupi la pili. Mwache afike miaka 6 au 7, aombe mwenyewe, ajue kunawa mikono kabla ya kujigusa. Lakini msichelewe sana, kwa kuwa keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, huwapata zaidi waliotogwa baada ya miaka 11. Kama baba au mama ana keloidi, ushauri wangu ni msitoge kabisa. Hereni za kubana zipo.

Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yako. Ile bunduki ya plastiki haihimili joto la kuua vijidudu, na husukuma hereni butu kwa nguvu. Alama ziwekwe mtoto akiwa wima, zitazamwe kutoka mbele. Akilala, ndewe husogea na matundu hupishana. Chagua titani au dhahabu ya karati 14 na kuendelea, maana hereni nyingi za bei rahisi zina nikeli, inayowasha na kutoa majimaji. Nyuma ya ndewe ibaki nafasi ya milimita 2 hivi. Hereni fupi huzama nyamani uvimbe ukija. Uzi na chelewa tuviache: uzi hunyonya usaha, chelewa huacha nyuzi kidondani.

Kusafisha ni asubuhi na jioni: robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye mililita 250 za maji yaliyochemka na kupoa, kwa pamba safi. Spiriti, dawa ya meno na majivu hapana. Wala usizungushe hereni, ingawa wengi wamefundishwa hivyo. Unachana ngozi changa kila siku.

Zikae wiki 6 hadi 8. Ute mweupe unaokauka ni kawaida. Ukiona usaha wa njano, joto na wekundu unaosambaa, mpeleke kituo cha afya hereni zikiwa masikioni, kwani ukizivua tundu hufunga na usaha hubaki ndani.