Rekodi ya Shughuli Isitegemee Mtandao

Ndugu zangu mnaochukua video za harusi, misiba na ibada hapa Kigoma na kuzirusha mubashara, nina jambo moja ninalolisisitiza kwa kila kijana anayeanza kazi hii. Video inayokwenda hewani ni kitu kimoja, na video atakayobaki nayo mwenye shughuli ni kitu kingine. Hii ya pili haitakiwi kupita kwenye mtandao hata kidogo.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu desturi imeshazoeleka: mtu anarusha kwenye YouTube au Facebook, shughuli ikiisha anaishusha ileile, anaitia kwenye flashi na kuikabidhi familia. Kumbe kule kumefika kile tu ambacho mtandao uliweza kukipitisha. Kama mnara ulielemewa wakati bibi harusi anavishwa pete, hiyo pete haiko kule, na hakuna pengine pa kuitafuta.

Tazama hesabu yenyewe. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080, fremu 30 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda video), isipobanwa inakaribia megabiti 750 kila sekunde. Ndipo kinapokuja kibanaji kama H.264, ambacho kiko sokoni tangu 2003, na kuishusha hadi megabiti mbili, tatu. Hakitumi kila fremu nzima. Kinatuma fremu moja kamili, tuiite fremu kuu, halafu zinazofuata zinabeba mabadiliko tu: mkono ulioinuka, shela iliyopepea. Ukuta uliotulia nyuma ya watu haugharimu karibu chochote.

Ukilielewa hilo, utajua hata pa kusimamisha kamera. Pale Kibirizi watu wanapenda ziwa liwe nyuma ya maharusi, na kwa macho linapendeza kweli. Lakini kila wimbi linalometa ni badiliko jipya. Biti zote zinaliwa na maji, na uso wa bwana harusi unabaki vipande vya miraba. Kwa rekodi ya kwenye kadi hakuna shida, chukua ziwa lako. Kwa kurusha, geuza kamera upate ukuta, turubai au mlima.

Hizo fremu kuu zipange kila baada ya sekunde 2. Data ikipotea njiani, fremu zinazofuata zinarithi kosa hadi fremu kuu nyingine ifike, na mtazamaji anayeingia katikati naye anaisubiri hiyohiyo ndipo aone picha. Programu ikiachiwa ijipangie yenyewe, inaweza kuziweka mbalimbali mno.

Kasi ya mtandao ipime pale pale penye shughuli, muda wa shughuli. Kinachokuhusu ni kasi ya kupandisha. Ile ya kushusha iache. Asubuhi uwanja ukiwa mtupu utapata namba nzuri, lakini wageni wakishajaa, kila mmoja na simu yake, mambo ni mengine. Mimi nachukua kipimo cha chini kabisa nilichokipata na kutumia nusu yake. Kipimo kikiwa megabiti 3 kwa sekunde, video naipa 1.5 na ukubwa naushusha kutoka kimo cha pikseli 1080 hadi 720. Picha ndogo isiyokwama ni bora kuliko kubwa inayoganda.

Sauti usiibane kupita kiasi. Kilobiti 128 kwa sekunde ni kitu kidogo ukilinganisha na picha. Kwenye msiba mmoja Ujiji, mzee wa familia alinishika bega akaniambia, "Mwanangu, watoto wangu walioko Muscat waisikie dua. Sura zetu wanazijua." Tangu hapo, mtandao ukizidiwa, napunguza picha na kuiacha sauti ilivyo.

Sasa rekodi. Kwenye OBS, programu ya kompyuta ya kurekodi na kurusha, kuna chaguo la rekodi kutumia mipangilio ileile ya kurusha. Usilikubali kama kompyuta yako ina nguvu ya kubana mara mbili kwa pamoja. Ipe rekodi megabiti 8 kwa sekunde, ambazo ni kama gigabaiti 3.6 kwa saa, na bado kadi ya ndani ya kamera iendelee kurekodi kivyake. Diski au flashi iliyoumbizwa (yaani kuandaliwa kupokea faili) kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofikia gigabaiti 4, kwa hiyo iumbize kwa exFAT mapema, ikiwa tupu.

Kasha la faili, yaani aina ya faili inayobeba picha na sauti pamoja, liwe MKV. Hapa wengi wanalia. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni, rekodi inapofungwa: fremu ipi iko wapi, sauti ipi inaendana nayo. Umeme ukikatika kabla ya hapo, na betri ya kompyuta imechoka, unabaki na gigabaiti nyingi kwenye diski ambazo hakuna programu ya kawaida inayoweza kuzifungua. MKV inaandikwa kidogo kidogo. Umeme ukikatika, unapoteza sekunde za mwisho tu. Ukifika nyumbani tumia Remux ndani ya OBS uihamishie kwenye MP4. Inachukua muda mfupi tu, kwa sababu picha haiguswi, linabadilishwa kasha peke yake.

Na hilo la kutoigusa picha ni la maana. Kila unapoibana upya video iliyokwisha kubanwa, kuna kinachopotea moja kwa moja. Dagaa akishakauka, kumloweka hakumfanyi awe mbichi. Kama unataka kukata mwanzo na mwisho tu, programu ya ffmpeg kwa amri ya `-c copy`, inayonakili bila kubana upya, inatosha. Jua tu kwamba kipande kitaanzia kwenye fremu kuu, si popote unapotaka. Ukizipanga kila sekunde 2, tofauti haitakuumiza.

Wanaotumia kamera za mtandao msikitini au kanisani wakumbuke kwamba kutoka kamera hadi kompyuta nako ni mtandao. Vuta kebo ukiweza. Ukilazimika kutumia waifai, chagua RTSP, njia ambayo kamera hizo hutumia kutuma video, ipite kwa TCP, ambayo hutuma tena kilichopotea. Kwa UDP kinachopotea hakirudi, na picha inajaa michirizi.

Siku ya shughuli mtandao ukikatika kabisa, acha programu ijaribu kuunganisha yenyewe. Usizime na kuwasha programu nzima, maana utaifunga na rekodi. Mtume mtu mwingine aandike kwenye kundi la familia kwamba laivu imekatika na rekodi kamili itakuja. Wewe baki kwenye kamera, jicho kwenye taa nyekundu ya kurekodi. Na kadi usiifute kabla hujaicheza rekodi hadi mwisho na familia haijathibitisha kwamba imepokea nakala yake.